Silabi ya Tatu

Neno lile lina silabi tano, na baba yangu amelazwa kwenye ya tatu. Mimi ndiye niliyemlaza hapo. Nilisimama mbele ya watu wa kwetu, nikakohoa kidogo ili wanitazame, nikalitamka: undernourishment. Sikukwama hata mahali pamoja. Nilipomaliza, watu walishusha pumzi kwa pamoja, na mtu mmoja aliyekaa kwenye kinu kilichopinduliwa akasema kwa sauti ya kuridhika kwamba gonjwa lile si la mtu mdogo. Naandika sura hii nikiwa bado naisikia pumzi ile.

An. Da. Na. Rish. Ment. Ndivyo walivyolisikia, na walilisikia vizuri kabisa. Silabi ya kwanza huguswa kidogo. Ya pili hupitwa kama mtu asiyesalimiwa njiani. Ya tatu hubebeshwa mzigo wote, na mbili za mwisho hufuata nyuma zimeinamisha vichwa. Katika lugha yetu mzigo una mahali pake, silabi ya pili kutoka mwisho, na kila mtoto anajua pa kuupokea kabla hajaota meno. Katika lugha ile nyingine mzigo unahamahama, na asiyejua umehamia wapi anachekwa. Nilikaa miaka kumi na miwili katika Mji wa Maneno Marefu nikijifunza nisichekwe. Sasa najiuliza, na swali hili ndilo linalonitembeza toka ukurasa hadi ukurasa: mtu anayejua mzigo unakaa wapi ndani ya neno, anawezaje kusahau unakaa wapi nje yake?

Katika mji ule hakuna anayepangishwa nyumba. Unapofika langoni unapewa nomino, unaishi humo mpaka utahiniwe. Wengine walipewa nomino fupi za vyumba viwili, wakamaliza upesi, wakaondoka na heshima ndogo. Mimi nilipewa ya vyumba vitano. Nilifurahi mno. Nilimwandikia baba kwamba nimepata neno ambalo hata wenyeji wanaliogopa, naye akajibu kwa mwandiko wake wa kulalia kushoto: Vizuri, mwanangu Ngasa. Sisi huku tumeshiba. Wewe soma.

Nilizoea kuvipita vyumba vile asubuhi na mapema, nikigonga kila ukuta kwa kiganja. Viwili vya kwanza vilikuwa kitu kimoja, maana yake ni chini, chini ya kiasi, chini ya inavyopasa. Dari yake ilikuwa fupi, nikajifunza kuinama. Viwili vilivyofuata navyo vilikuwa kitu kimoja: kulisha, kumpa mtu chakula mpaka mwili wake urudi. Humo mlikuwa na joto. Meza yangu ya kusomea niliiweka kwenye kizingiti cha chumba cha tatu, hapo hapo mkazo unapotua, kwa kuwa mwanga ulikuwa mzuri.

Chumba cha tano sikukipenda. Kilikuwa kitupu, hakina dirisha wala alama ya mguu sakafuni. Mwalimu wetu, Bwana Mizani, mzee mkavu aliyetembea na rula mkononi akigonga mkazo juu ya chochote kilichokuwa karibu, hata juu ya magoti yetu, alitueleza kazi yake.

"Hiki ni kiambishi," alisema. "Kinageuza kitendo kuwa kitu. Kikishawekwa, mtenda hahitajiki tena."

"Mtenda anakwenda wapi, mwalimu?" niliuliza.

"Anakwenda nyumbani kupumzika."

Darasa zima lilicheka, nami nikacheka, nikaandika jibu lile kwenye daftari na kulipigia mstari. Nilidhani nimejifunza jambo la sarufi. Kumbe nilikuwa nimeonyeshwa mlango wa uani, na tangu siku ile nilijua nitautumia.

Maana kwa lugha yetu usingeweza. Jaribu. Kusema jambo lile kwa lugha ya mama lazima uweke mtu mwanzoni na mtu mwishoni: fulani hakumlisha fulani. Utafute nani hakulisha, utafute nani hakulishwa, uwataje, wakutazame. Katika nomino ile ndefu hapana mtu. Pana vyumba vitano na mwangwi.

Sasa nitasema la gunia. Nimelizunguka vya kutosha.

Mwaka wa mwisho alipita mchuuzi wa vyungu kutoka kwetu, akanikuta barazani mwa neno langu. Aliniambia mvua imekataa mwaka wa pili, na kwamba mzee wangu ameanza kufunga mkanda kwa kamba ya katani kwa sababu matundu ya mkanda yamekwisha. Nilitoka mbio siku ile ile, nikanunua gunia la mahindi, nikalibeba kwa mgongo wangu mwenyewe mpaka chumba cha tatu. Jumamosi ningelipeleka. Kwetu si mbali, ni safari ya nusu siku.

Jumamosi Bwana Mizani alitangaza mtihani. Nikasema Jumamosi ijayo. Meza yangu ilikuwa ndefu na kiti changu kifupi, mabega yakiniuma kila siku, na gunia lilikuwa pale, limejaa, limekaza. Nikaliweka juu ya kiti, nikalikalia. Kimo kilikuwa sawasawa, kama limeshonwa kwa ajili yangu.

Saa ya mji ule hugonga kwenye mkazo tu. Siku zilizo katikati haziguswi, zinapita bila kusalimiwa, na mtu akiulizwa amekaa muda gani anahesabu zile zilizogongwa. Mimi nilihesabu siku moja, ya mtihani. Lakini mahindi hayajui saa za mji. Mwezi wa kwanza yalikuwa magumu chini yangu. Mwezi wa pili nilianza kuona unga mweupe sakafuni kila nikiinuka. Mwezi wa tatu, nikitulia kabisa, niliwasikia fukusi wakitafuna, na nilijizoeza kutamka neno langu kwa sauti kubwa zaidi ili nisiwasikie. Nilikuwa nimekalia chakula cha baba yangu nikijifunza namna ya kutamka njaa yake. Hakuna aliyenifunga pale.

Na barua zilikuja. Sisi huku tumeshiba. Wewe soma. Sijitetei kwamba nilimwamini. Mimi ni mtu wa maneno. Najua neno fupi linapodanganya.

Siku niliyofaulu walitupikia pilau. Nililitamka neno langu mbele ya meza tisa, mkazo ukatua pale pale, Bwana Mizani akagonga rula mara moja na kuinama. Niliporudi chumbani kufunga virago nilikuta mjumbe amekaa juu ya kiti changu, juu ya gunia, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kukaa. Alikuja kuniambia baba amekufa asubuhi ile.

Gunia nililiacha. Lilikuwa limebaki ngozi na vumbi.

Nilifika kwetu siku ambayo jua lilisimama juu ya ua wetu likakataa kwenda upande wowote. Mjomba Nkwabi, kaka yake mama, alinipokea langoni na karatasi ya daktari aliyemwona baba saa zake za mwisho. Ilikuwa na mistari mitatu: jina lake, tarehe, na sababu. Niliisoma sababu mara mbili, maana pale pameandikwa anwani yangu. Nyumba niliyokaa miaka kumi na miwili, vyumba vyote vitano, imeandikwa kwa wino wa buluu mbele ya jina la baba, Luhende.

"Hilo ndilo gonjwa lenyewe?" Mjomba Nkwabi aliuliza.

"Ndilo."

"Refu!" alisema, na uso wake ukapata nuru. "Afadhali. Sikiliza, mpwa wangu. Wewe ndiye utakayesoma wasifu. Ukifika kwenye ugonjwa, usitafsiri. Usome vile vile wanavyosema wao. Watu wamekuja wengi."

Nitaeleza, kwa ajili ya msomaji asiye wa kwetu. Kwetu maiti hashuki kaburini mpaka wasifu wake usomwe: kazaliwa wapi, kalima nini, kazaa nani, kafa na nini. Hilo la mwisho ndilo watu wanaloondoka nalo. Aliyekufa kwa homa husahauliwa kabla udongo haujakauka. Aliyekufa kwa kitu chenye silabi nne hutajwa mpaka kwenye harusi. Kila ukoo humtafuta msomi wake alisome neno hilo, na msomi akigugumia, aibu ni ya ukoo mzima. Mimi sikugugumia. Nimekwisha kusema hivyo, na sitachoka kulisema.

Nilipokuwa nasoma nilimwona baba ameketi nyuma ya watu, amevaa koti langu la mtihani, mkanda wa katani juu yake. Alikuwa anasikiliza kwa makini, kichwa amekiinamisha upande, jinsi alivyokuwa akisikiliza habari za mvua. Mkazo ulipotua alitikisa kichwa kukubali. Nikatazama mikono iliyoshika karatasi. Ilikuwa mikono yake, yenye kucha pana. Nikashindwa kujua ni nani anayemsomea nani. Sauti ilikuwa yangu, hilo silikani.

Mama alikuwa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha. Nilipoinama kumpa mkono aliuvuta akaninong'oneza.

"Maana yake nini, mwanangu, hilo lililomchukua baba yako?"

"Ni la ndani, mama."

"La ndani wapi? Tumbo? Damu?"

"La ndani tu. Halina dawa."

Alinishukuru. Mama yangu alinishukuru kwa jibu lile, akanipigapiga mgongo wa kiganja. Kama kuna mahali pa kuzimu palipotengwa kwa wasomi, nadhani ni mkeka, na juu yake mtu asiyejua kusoma anakushukuru.

Halafu chakula kikaanza kuja. Kwetu msiba hauendewi mikono mitupu. Walikuja na madebe ya mahindi, ndoo za mtama, maharage, kuku wamefungwa miguu, na kila aliyefika alikimimina chake kwenye turubai lililotandikwa mbele ya mlango. Rundo lilipanda mpaka likafika kimo cha kitasa. Watu wale wale walikuwa wamepita mbele ya mlango ule miezi mitatu, wakamsalimia, akawaambia yu mzima na ameshiba, wakapita. Hawakuwa na roho mbaya. Mtu akisema ameshiba hapewi mtihani. Mjomba Nkwabi alisimama kando ya rundo akikaribisha wageni, na kila alipoulizwa mzee aliumwa nini, alinionyesha kwa kidole nirudie. Nilirudia. Nadhani nilirudia mara arobaini. Mara ya arobaini neno lilikuwa limelainika mdomoni.

Msiba ulichukua siku saba, au siku moja ndefu. Jua halikusogea, sikuweza kuhesabu. Katikati yake Milembe, jirani wa ukuta kwa ukuta, alijifungua mtoto wa kike. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, au ndipo yalipoanza kutengenea.

Kwetu mtoto anayezaliwa matanga yakiwa hayajaanuliwa hupewa jina kutoka katika wasifu uliosomwa, ili aliyetoka na aliyeingia wasipishane kimya kimya. Kwa kawaida huchukuliwa jina la marehemu, au la kijiji chake, au la ng'ombe wake kama alikuwa na ng'ombe wa sifa. Siku ya kuanua matanga mjane huchovya kidole kwenye unga, humpaka mtoto kwenye paji la uso, hutamka jina mara moja, basi. Likishatamkwa halifutiki.

Tulikaa duara uani, kando ya kaburi. Masufuria ya ugali na nyama yalikuwa yameshaepuliwa. Milembe alimleta mtoto amefungwa kanga ya kijani, akampa mama. Mjomba Nkwabi akasimama.

"Tumeshauriana," alisema. "Majina ya kina Luhende yamejaa kijijini, ukiita mmoja wanaitika sita. Milembe mwenyewe amependekeza, na sisi tumelipenda. Ngasa alivyolisoma lile neno siku ile, kila mtu alisisimka. Tumechukua pale katikati, pale sauti ilipopanda. Mtoto ataitwa Narishi."

Wanawake wakapiga vigelegele.

"Narishi," mama alisema polepole, akilionja. Kwa mara ya kwanza tangu nifike alitabasamu. "Narishi, mjukuu wangu. Umekuja na jina la kisomi."

Milembe alinigeukia. "Shemeji, nimelitamka vizuri?"

Nilitikisa kichwa kwamba ndiyo. Alikuwa amelitamka vizuri sana.

Nawaza kwa vipande. Nyamaza. Ni jina tu, na lina sauti nzuri. Atakua, ataitwa kutoka kisimani, ataolewa nalo. Nyamaza, mama anatabasamu. Siku moja huyu mtoto atapelekwa Mji wa Maneno Marefu, atapewa nomino, atagonga kuta zake kwa kiganja. Atafika kizingiti cha tatu atakuta pale jina lake, na nyuma yake dari fupi, na mbele yake chumba kisicho na mtu. Atauliza mtenda alikwenda wapi. Watamwambia alikwenda nyumbani kupumzika, alikuja akatusomea, alikula nyama. Na ukisema je? Ukisema, mama atajua alikuwa anakula sahani ya nani. Hilo ndilo lililokuwa limenifunga ulimi siku zote saba, nikaliita huruma. Ilikuwa theluthi moja huruma. Zilizobaki ni kuogopa uso wangu.

Mama alichovya kidole kwenye unga.

"Mama, ngoja."

Kidole kilisimama hewani.

"Usimwite hivyo," nilisema. "Lile si ugonjwa."

"Si ugonjwa ni nini?" Mjomba Nkwabi aliuliza.

"Ni njaa. Lile neno lote, mwanzo mpaka mwisho, ni njaa. Baba alikufa kwa njaa."

Kisha Mjomba Nkwabi akanijia kwa hasira, akanishika bega na kuninong'oneza kwa nguvu, mate yakinirukia. "Nyamaza wewe! Unatuvua nguo mbele ya watu?"

"Mwache," mama alisema.

Alikuwa anatazama unga kwenye kidole chake.

"Haiwezekani," alisema, na hakuwa anasema nami. "Tulikuwa tunakula pamoja. Chungu kimoja. Mimi nilikula. Kila jioni nilikula. Yeye anakula tonge mbili, anasema, Minza, nimeshiba, malizia. Namwambia kula, mume wangu, ananiambia tumbo limejaa, malizia wewe." Aliinua uso. "Nikawa namalizia."

Milembe alianza kulia. Mtu aliyekuwa amekaa kwenye kinu aliinuka akasimama, bila sababu. Nilitazama rundo la mahindi mbele ya mlango, nikaona kwamba wote wanalitazama.

"Wewe ulijua?" mama aliniuliza. "Siku ile uliposoma, ulijua maana yake?"

"Nilijua."

"Na kabla?"

"Nilijua kabla. Niliambiwa. Nilimnunulia gunia la mahindi, mama, nikalikalia."

"Ulilikalia vipi?"

"Nililifanya kiti. Nisome."

"Siku ngapi?"

Nilitaka kusema siku moja, kwa hesabu ya mji ule. Nikasema, "Miezi mitatu."

Mama alimrudishia Milembe mtoto. Alijipangusa kidole kwenye kanga yake, taratibu, mpaka unga wote ukaisha.

"Asubuhi baba yako anakufa," alisema, "wewe siku hiyo ulikula nini?"

"Pilau, mama."

"Ilikuwa na nyama?"

"Ilikuwa nayo."

Alitikisa kichwa, kama mtu anayepokea habari za safari. Kisha akajivuta mpaka kwenye sufuria, akachukua sahani, akakata ugali, kipande kikubwa cha mtu mzima aliyetoka shamba, akaongeza nyama, akaongeza mchuzi, akaja kuiweka chini mbele ya miguu yangu. Mtoto alikuwa analia sasa. Milembe alifungua blauzi akamnyonyesha pale pale, huku machozi yake mwenyewe yakishuka, na yule mtoto asiye na jina akanyamaza.

"Kaa ule," mama alisema.

"Mama, siwezi."

"Una njaa?"

Nilikuwa sijala tangu asubuhi, na harufu ya mchuzi ilinijia puani, na mate yakanijaa mdomoni pale pale mbele ya kaburi la baba yangu. Nilimtafuta kwa macho nyuma ya watu. Hakuwepo, na koti langu lilikuwa limening'inia kwenye mwiba wa ua. Ningeweza kusema nimeshiba. Ulimi wangu ulikwenda wenyewe kulishika neno lile, la urithi.

"Mama yako anakuuliza," Mjomba Nkwabi alisema kwa sauti iliyokatika.

"Nina njaa, mama," nilisema.

"Basi kula."

Nikakaa chini kwenye udongo. Jua lilikuwa limeanza kusogea. Nikanawa, nikakata tonge, nikala mbele yao wote, nao hawakuondoa macho mpaka sahani ikawa nyeupe.